Programu ya picha: bure, ya kulipia, au huru?

Kuna swali linazunguka katika studio zetu zote hapa Nakivale, kuanzia Base Camp mpaka Juru na Rubondo: kwa kutengeneza picha, tutumie programu ya bure au ya kulipia? Na jibu linalozunguka pamoja nalo ni lile lile: ya bure ni ya wanaojifunza, ya kulipia ni ya mafundi. Ukiwa na pesa, lipa. Ukikosa, vumilia na ya bure mpaka Mungu akukumbuke. Nimelisikia kwa vijana wa kompyuta, kwa walimu wa mafunzo ya miezi mitatu, hata kwa wateja ambao hawajawahi kushika kompyuta. Mimi nasema jibu hilo ni bovu, na ubovu wake hauko kwenye bei. Linasahau kuuliza picha zenyewe ni za nani, na zinatufanyia kazi gani.

Basi tuanze na picha. Programu zitafuata.

Ingia studio yoyote, tazama ukutani. Utaona picha za pasipoti, za harusi na ubatizo, za vijana waliosimama mbele ya ghorofa ambalo hawajawahi kulifikia. Halafu kuna aina moja ambayo wageni huicheka, na ambayo kwangu ndiyo sanaa yetu kubwa kuliko zote: montaji ya familia. Mama amekaa katikati, amepigwa picha hapa hapa, mwaka huu. Kushoto amesimama mtoto aliyepelekwa Canada, na picha yake imekuja kwa WhatsApp. Kulia amesimama baba, aliyefia njiani au aliyebaki Fizi hajulikani aliko. Sura ya baba imekatwa kutoka kadi ya uchaguzi, ile ambayo kwetu Congo ndiyo watu wametembea nayo kama kitambulisho.

Anayetafuta makosa atayapata haraka. Mwanga unampiga mama kutoka kulia, baba unampiga kutoka kushoto. Miguu ya mtoto haina kivuli, kwa hiyo anaelea kama malaika wa Krismasi. Shingo ya baba imevalishwa koti ambalo si lake. Fundi ana makoti matatu tu kwenye kompyuta, ndiyo maana marehemu wengi wa zoni yetu wamevaa suti moja ya bluu. Lakini tazama watu wanavyoipokea picha hiyo: kwa mikono miwili. Hakuna aliyedanganywa. Wote wanajua hawa watatu hawakusimama pamoja siku hiyo. Montaji haidai kwamba jambo hilo lilitokea. Inadai kwamba hawa ni watu wa nyumba moja. Kwa wenye karatasi zilizoungua, hiyo ni hati ya ukoo.

Ukikubaliana nami hapo, basi programu ina kazi mbili za lazima. Ya kwanza, isiharibu sura. Suti inaazimwa, ghorofa la nyuma linaazimwa, sura haiazimwi. Ya pili, kazi iweze kufunguliwa tena. Montaji haimaliziki siku ya kuchapishwa. Mtoto aliyepotea anapatikana, mwingine anazaliwa, shangazi anafika kutoka Nyarugusu na picha aliyoificha kwenye Biblia. Mwaka wa pili, wa tano, wa kumi, familia itarudi kusema: tuongezee huyu. Mizani yangu ni hizo kazi mbili, na kila programu nitaipima hapo.

Tuanze na inayoheshimiwa. Photoshop ilitolewa na Adobe mwaka 1990, kazi ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll. Ni chombo kizuri, sitadanganya. Kukata nywele za mtu kutoka kwenye ukuta wenye madoa, kusawazisha rangi za picha mbili zilizopigwa na simu tofauti, hayo inayafanya kwa wepesi ambao wengine bado wanaukimbilia. Shida ni namna ya kuimiliki. Toleo la CS6 la mwaka 2012 lilikuwa la mwisho la kununua likawa lako. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya yatakuwa ya kupanga tu, kama nyumba. Leo Photoshop peke yake, kwa bei ya Marekani, ni zaidi ya dola 20 kila mwezi, na inataka kadi ya benki, na inataka kuingia kwenye intaneti mara kwa mara kuhakikisha kwamba umelipa. Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe mahakamani, ikidai kwamba iliwaficha wateja faini ya kuvunja mkataba wa mwaka. Kama wenyeji wa huko, wenye kadi na wanasheria, wanalalamika hivyo, sisi je?

Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Siku usipolipa, programu inajifunga. Faili la montaji liko kwenye diski yako, ndiyo, lakini mwenye ufunguo yuko mbali. Kuna programu nyingine zinazoweza kulifungua faili la Photoshop, ila si kila kitu kinatoka kama kilivyoingia. Kwa mizani ya pili, yaani kufungua tena mwaka wa kumi, Photoshop ya kupanga inaanguka kwa mtu ambaye hajui mwezi ujao atakula nini.

Hapo utaniambia: ndugu, nani hapa analipa? Kweli. Photoshop nyingi tunazoziona huja kwenye flashi, kufuli limevunjwa, na maelekezo yake yote yanaanza namna moja: zima antivirasi kwanza, kata intaneti. Mtu akikwambia ufunge mbwa kabla hajaingia nyumbani kwako, si unajua amekuja kufanya nini? Na tukumbuke kilichomo ndani ya laptopu ya studio. Humo kuna vyeti vya watoto, kuna karatasi za familia nzima zilizopigwa skana, kuna sura za watu ambao wengine walikimbia kwa sababu kuna mtu anawatafuta. Kirusi hakileti ubovu wa mashine tu. Kinaweza kubeba watu. Nisingemlaani fundi anayetumia hiyo ili apate ugali, lakini asituambie kwamba ameipata bure.

Sasa neno hilo, bure. Lugha yetu imelipa maana mbili: bila malipo, na bila faida. Kazi bure. Amekufa bure. Na sisi wa kambini tumelijua kwa namna ya tatu: kitu cha bure ni kitu chenye foleni, orodha na kidole gumba, na mwenye kutoa anaweza kukipunguza kwa tangazo moja. Tangu 2023 hapa Uganda chakula cha msaada kinagawanywa kwa makundi, na kuna waliowekwa kundi la kutopata kitu. Kwa hiyo mkimbizi akisikia "programu ya bure" akakunja uso, simcheki. Uzoefu wake ndio unaongea.

Na kwa programu nyingi uzoefu huo ni sahihi. Picasa ilichukuliwa na Google mwaka 2004, ikatolewa bure, watu wakapanga humo albamu za maisha yao, na mwaka 2016 ikasimamishwa. Google hiyo hiyo iliinunua kampuni ya Nik Software mwaka 2012. Vichujio vyake vya kompyuta, vilivyokuwa vinauzwa dola 149, vilitolewa bure mwaka 2016. Mwaka uliofuata vikauzwa kwa kampuni ya DxO, na mwaka 2018 vikarudi sokoni kwa pesa. Affinity ilipita njia ya kinyume: ulikuwa unainunua mara moja tu ikawa yako, ikanunuliwa na Canva mwaka 2024, na Oktoba 2025 ikatangazwa kuwa bure, mradi ufungue akaunti ya Canva. Vijana wengi walifurahi, na wana haki ya kufurahi. Lakini tazama nani ameshika mlango. Anayeweza kuufungua kwa tangazo la asubuhi anaweza kuufunga kwa tangazo la jioni.

Halafu kuna za simu. Nyingi zinajiita bure, kisha kila hatua inaleta tangazo, kila tangazo linakula MB. Na MB hapa Uganda zimebeba kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Ukimaliza kazi, inakudai pesa ili itoe jina lake kwenye kona ya picha ya baba yako. Si zote, lakini. Snapseed, iliyotoka kwa hao hao Nik, haina matangazo na inafanya kazi bila intaneti. Kwa kunyoosha picha, kuongeza mwanga, kufuta doa la ukuta, inatosha kabisa, na fundi mwenye simu peke yake asione aibu kuitumia. Kasoro yake ni kwamba kwa montaji ya watu watano ni jembe dogo kwa shamba kubwa. Kuna pia Photopea, inayofunguka kwenye kivinjari na inasoma faili za Photoshop. Picha haitumwi kokote, kazi inafanyika ndani ya mashine yako. Ila unahitaji mtandao kuifungua na kuvumilia matangazo pembeni.

Ndiyo maana nataka tuongeze neno la tatu: huru. GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na ikatoka kwa watu mwaka 1996. Leseni yake inakuruhusu kuitumia, kuinakili, kuibadilisha na kumpa mwenzako. Yaani ile flashi inayozunguka kutoka studio hadi studio, ambayo kwa Photoshop ni wizi na hatari, kwa GIMP ni halali. Mmoja anatumia MB zake kuipakua, kumi wanaipata. Haiulizi akaunti, haiulizi kadi, haiulizi uko nchi gani. Wakiacha kuitengeneza kesho, nakala yako itaendelea kufanya kazi kwenye laptopu ile ile. Hakuna mwenye kutoa anayeweza kukupunguzia. Hapo ndipo huru inapotengana na bure.

Sasa niiseme na yenyewe, maana mapenzi si upofu. GIMP inachosha mtu aliyezoea Photoshop. Vitu havipo alipozoea kuvikuta, na wiki ya kwanza atatukana. Kukata nywele ni kazi ya subira. Kwa miaka mingi ukishaweka kichujio, umekiweka, hurudi nyuma kukirekebisha baada ya kufunga faili. Ni toleo la 3.0, la Machi 2025, lililoanza kuondoa mzigo huo. Anayetengeneza vitabu au mabango ya kupeleka kiwandani Kampala atapata tabu na rangi za uchapaji. Lakini studio inayochapa kwa mashine ndogo ya wino hiyo tabu haiijui. Kwa mizani ya kufungua tena, hakuna inayoishinda.

Imebaki mizani ya kwanza, ya sura, na hapo bei haitusaidii kabisa. Za bure zinakosea, za kulipia zinakosea, na kosa ni moja.

Nilikuwa kwenye studio ya jirani siku mama mmoja alipoleta kadi ya uchaguzi ya mumewe, imelowa maji, nusu ya uso imefutika. Fundi aliipitisha kwenye programu ya simu, hizi zenye akili mnemba, na kwa dakika moja ikatoka picha ya ajabu: ngozi laini, macho yanang'aa, midomo imechongwa. Mama alinyamaza. Binti yake ndiye aliyesema: "Huyu haiko papa. Papa alikuwa na alama hapa." Akagusa nyusi yake ya kushoto. Fundi akajibu, "Lakini imekuwa safi." Kweli ilikuwa safi. Alama ya papa ilihesabiwa uchafu, ikasafishwa.

Tuelewe kinachotokea humo ndani. Mashine hiyo haiokoi kilichofutika, maana kilichofutika hakipo tena. Inakisia, na inakisia kwa kufuata sura ilizofundishwa nazo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa programu inayoitwa PULSE, ya kutengeneza sura kamili kutoka picha yenye ukungu. Watu wakaipa picha ya Barack Obama iliyofifishwa. Ikawarudishia mzungu. Mwaka 2017 FaceApp ilikuwa na kichujio cha kumfanya mtu avutie, kumbe kazi yake ilikuwa kuwafanya watu weusi kuwa weupe, na mwenye kampuni akaomba radhi. Na jambo hili ni la kale kuliko kompyuta. Kwa miaka mingi maabara zilisawazisha rangi za filamu za Kodak kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, wenyewe wakiiita Shirley. Aliyefanana na Shirley alitoka vizuri. Babu zetu walitoka meno na macho.

Usidhani kulipa kunakukinga. Photoshop yenyewe tangu 2020 imekuwa na vichujio vya akili mnemba vya kulainisha ngozi. Kinachokinga ni namna ya kufanya kazi. Ile njia ya zamani, ya kuchukua kipande cha shavu kilicho kizima na kukipandikiza penye mkwaruzo wa jirani, ipo karibu kila mahali: ipo Photoshop, ipo GIMP, hata Snapseed ina kifutio cha doa. Inachukua mchana mzima. Lakini kila rangi inayowekwa imetoka kwenye picha ile ile, si kwenye sura za watu wa mbali. Na mkwaruzo ukipita katikati ya jicho, fundi mwaminifu anauacha, anamwambia mwenye picha: hapa sijui palikuwaje. Mkwaruzo huo ni wa kweli kuliko jicho la kubuni. Mteja akitaka sura ing'arishwe, ni haki yake, picha ni yake. Lakini aamue yeye, akiwa ameona ya kabla na ya baada, si mashine iamue kimya kimya.

Kuna mpiga picha mmoja ambaye nadhani kila studio ya wakimbizi ingemjua: Samuel Fosso. Alizaliwa Cameroon mwaka 1962, akalelewa Nigeria, vita vya Biafra vikampitia utotoni, na akafika Bangui, Afrika ya Kati, kuishi na mjomba wake. Mwaka 1975, akiwa na miaka 13, akafungua studio. Filamu zilizobaki baada ya wateja alizitumia kujipiga mwenyewe, ili ampelekee bibi yake aone kwamba mtoto yupo na anaendelea. Leo picha hizo ziko kwenye makumbusho makubwa. Lakini mwaka 2014, vita vilipoingia Bangui, nyumba yake iliporwa na negative zake zikatupwa nje, chini. Waandishi wa habari waliopita hapo ndio waliozikusanya. Ziliokotwa kwenye vumbi na bado ni picha. Negative haiulizi nenosiri. Hilo ndilo tunalopaswa kudai kwa faili zetu: ziweze kuokotwa na mtu yeyote, zifunguke.

Najua pingamizi moja zito, na limetoka kwa mtu ninayemheshimu katika kazi hii. Anasema: tumechoka na vya bure. Turubai bure, sabuni bure, sasa na programu bure? Mtu anayelipa ndiye anayeheshimiwa. Tulipe kama wengine tuonekane mafundi. Uchungu huo naujua. Lakini pesa ya heshima iende wapi? Dola 20 kwa mwezi ni dola 240 kwa mwaka. Hiyo inanunua diski ya nje ya kuhifadhi picha za zoni nzima, inaongeza kumbukumbu ya laptopu, inanunua wino, na chenji inabaki. Na heshima ya fundi iko kwenye saa zake. Mteja amlipe kwa ule mchana mzima wa kupandikiza shavu. Tumezoea kudai bei ya karatasi tu, kama kwamba macho na mikono vimetolewa na shirika. Kama shirika au kampuni imekupa kazi na inadai faili za Photoshop, sawa, panga hiyo programu kwa miezi ya kazi na uiandike gharama kwenye ankara yao. Hapo kulipia kuna akili, maana kazi ndiyo inayolipa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Simu peke yake: Snapseed. Laptopu: GIMP, na uwape wenzako. Photopea kwa siku mteja anapoleta faili la Photoshop. Photoshop ya kupanga kwa kazi inayoilipa yenyewe. Akili mnemba mbali na uso wa mtu ambaye hayupo kujitetea. Na kila kazi iwe na faili tatu: ya mwanzo, ambayo haiguswi, yenye tabaka zote, ya kufungua tena, na ya kuchapa. Kumbukeni kila mkifungua JPEG na kuihifadhi upya inapoteza kidogo, na WhatsApp huibana picha, kwa hiyo tumeni kama dokumenti.

Nawe mteja, ukienda kutengenezewa picha ya mtu wako, usiulize fundi ana programu ya bei gani. Muulize atakupa lini faili zote tatu kwenye kadi yako ya kumbukumbu, na kabla ya kulipa, uziweke sura mbili pembeni, ya kabla na ya baada, utafute alama unayoijua.